Alama 35 kwa Jina la Mwanangu

Zamu ya jioni kwenye nyumba ya kulelea wazee nilikofanya kazi ilianza saa tisa alasiri na kwisha saa tano usiku. Aliyewahi kuifanya kazi ile anazijua dakika zake za mwisho: kuwageuza waliolalia ubavu mmoja muda mrefu, kubadilisha nepi, kuandika ripoti, kumkabidhi mwenzako wa usiku funguo. Halafu unavaa koti, unatoka nje, unasubiri. Mimi nilikuwa namsubiri mwanangu. Alikuwa na miaka 17, na gari letu lilikuwa moja.

Tuliishi Palmerston North, mji ulioko upande wa kusini wa Kisiwa cha Kaskazini huko New Zealand, mahali ambapo ukitazama mashariki unaona mapanga ya umeme wa upepo yakizunguka juu ya milima ya Tararua. Mji wenyewe si mkubwa, barabara zake zimenyooka, na giza likiingia watu hujifungia ndani. Mwanangu alinipeleka kazini, akaenda mazoezi ya mpira, akatoka huko akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa hadi saa tatu, akarudi nyumbani kumwangalia mdogo wake. Saa tano kasoro robo aliwasha tena gari kunifuata. Mabasi ya mji yalikuwa yamekwisha lala saa hizo, na teksi ingekula malipo ya saa nzima ya kusukuma viti vya magurudumu.

Nchi ile haimpi kijana leseni kwa mkupuo. Akifikisha miaka 16 anaweza kupata leseni ya kujifunza, kadi ya bluu, na kila anaposhika usukani lazima mtu mwenye leseni kamili akae kando yake. Miezi sita ikipita, na akifaulu mtihani wa barabarani, anapewa leseni yenye masharti, kadi ya njano. Hapo anaweza kuendesha peke yake, lakini mwisho wake ni saa nne usiku. Kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, ama awe na msimamizi kwenye kiti cha kando, ama gari lilale. Abiria nao haruhusiwi kuwabeba akiwa peke yake, ila watu wachache wa karibu waliotajwa na sheria. Kijana hukaa na kadi hiyo mwaka mmoja na nusu, au mwaka mmoja akichukua kozi iliyoidhinishwa, ndipo aende kuomba kadi ya kijani.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Mimi ndiye niliyemsomesha kile kitabu cha alama za barabarani, jikoni, huku nakaanga vitumbua. Nilimuuliza swali la saa nne zaidi ya mara moja, naye akalijibu sawasawa kila mara.

Usiku wa kwanza nilipompigia simu anifuate, mwezi Machi 2018, alinikumbusha. Alisema, "Mama, sheria inasema saa nne." Nikamjibu, "Ni kilomita saba tu, baba, na njia nyeupe. Njoo." Akanyamaza kidogo. "Sawa, mama." Hakuuliza tena usiku huo wala usiku mwingine wowote. Kuanzia Machi hadi Julai alikuja, zamu tatu au nne kila wiki, na mimi nikajisifu moyoni kuwa nimelea mtoto mtiifu.

Usiku wa Julai tulioandikiwa, ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi. Nilisimama nje hadi saa tano na nusu. Simu yake iliita bila kupokewa. Mwenye mtoto barabarani anajua mambo yanayopita kichwani dakika kama hizo, sitayaandika. Simu ilipolia, alikuwa yeye, anazungumza taratibu kama mtu anayesimamiwa: "Mama, niko salama. Polisi wamenisimamisha. Wanasema siwezi kuendelea kuendesha." Mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja Mfilipino, aligeuza gari lake na kunipeleka bila kuniuliza swali.

Walikuwa wameweka kizuizi cha kupima pombe. Kila gari lilisimama. Polisi huingiza kifaa kidogo dirishani, dereva anataja jina na mahali anapoishi, na kifaa kinanusa pumzi. Dereva aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi kuwa na hata tone, na mwanangu hajawahi kuonja. Wakamwomba leseni. Kadi ya njano ikatoka, saa ya gari ikisoma saa nne na dakika hamsini.

Kwetu gari la mtoto likisimamishwa, mtu mzima hushuka akaenda kuzungumza, na mimi nilishuka na maneno yangu tayari: kwamba ni mtoto mzuri, kwamba mimi ni mama yake, kwamba nilitoka kazini kuosha wazee wa nchi hiyo hiyo. Polisi alikuwa mwanamke wa makamo. Alinisalimia vizuri. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kuwa kijana amekuwa na adabu sana, na kwamba ameeleza kuwa alikuwa anazungukazunguka tu mjini, akasahau saa.

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amesimama karibu na buti, mikono mfukoni, anatazama lami. Hakuwa amezunguka popote. Alikuwa kwenye njia ileile ya kilomita saba, anakuja nilikomwita. Alikuwa amemdanganya polisi ili jina langu lisitajwe.

Nami nikanyamaza. Nilipokea ile karatasi ya faini, nikashika usukani, nikatuendesha hadi nyumbani. Hakuna aliyesema neno. Nimejuta mambo mengi maishani, lakini kunyamaza kule kando ya barabara ndiko kunakonijia nikiwa nimelala.

Adhabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Dola 100 za faini, na alama 35 za makosa zinazoandikwa kwenye rekodi ya dereva. Zikifika alama 100 ndani ya miaka miwili, leseni inasimamishwa miezi mitatu. Maana yake kijana akikutwa mara tatu tu baada ya saa nne, au akiwa na abiria wasioruhusiwa, amekwisha vuka. Faini isipolipwa kwa wakati hupelekwa mahakamani na kuongezewa ada, na deni la dola 100 huanza kukua.

Zile dola nililipa mimi, siku ya mshahara. Alama hazilipiki. Niliandika barua kwa ofisi inayoshughulikia faini, nikaeleza kwa mara ya kwanza kwamba mimi ndiye niliyemwita, kwamba alinionya na nikamshurutisha, na kama kuna alama za kuandikwa ziandikwe kwangu. Jibu lilikuja kwa adabu: mwenye usukani ndiye mwenye kosa. Nililisoma mara mbili, nikaona wana haki. Sheria haiwezi kuingia jikoni kwa watu kuuliza nani kamwamuru nani. Aliyepaswa kuijua tofauti hiyo ni mimi.

Na mimi sikuwa na udhuru wa ugeni, maana nilikua katika nyumba ya dereva. Marehemu baba yangu aliendesha basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, miaka ile ya tisini mabasi ya mikoani yalipokatazwa kukesha barabarani. Katazo lile lilidumu hadi mwaka 2023, na kizazi kizima cha Watanzania kilikua kikijua kuwa safari ya mbali ni kuamka usiku, kuwahi stendi, na basi kuondoka alfajiri. Basi likiharibika njiani, safari inaingia siku ya pili. Watu walinung'unika, na wengine walikuwa na sababu za kweli: mgonjwa, msiba, mzigo wa nyanya unaooza.

Likizo moja nilisafiri naye. Gurudumu lilipasuka Morogoro, tukachelewa saa nyingi, na giza likatukuta Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuupanda Mlima Kitonga. Mwenye basi mwenyewe alikuwa ndani. Alikuja mbele akamwambia baba asukume, trafiki hawatakuwepo mlimani usiku ule, na abiria wengi wakamuunga mkono. Baba hakubishana naye. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akashuka kutafuta chai. Tulilala pale. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliona aibu kwa jinsi watu walivyomsema baba yangu usiku kucha.

Nimeupanda Kitonga mara nyingi baada ya hapo, mchana, nikiwa mtu mzima. Zile kona, korongo chini, mabaki ya malori kwenye vichaka. Aibu iliniisha zamani. Lakini miaka zaidi ya ishirini baadaye, mbali kabisa na Iringa, mtu aliyekuwa na usukani aliniambia saa imepita, nami nikawa mwenye basi.

Baada ya ile faini nilianza kuuliza kwa nini saa nne, na kwa nini vijana. Jibu ni la kale kuliko nilivyodhani. New Zealand ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuweka mfumo kamili wa leseni za hatua kwa hatua, Agosti 1987. Kabla ya hapo mtoto wa miaka 15 aliweza kufaulu mtihani asubuhi na usiku huohuo akaendesha gari lililojaa marafiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliofuatilia matokeo waliona majeraha ya ajali za magari kwa vijana wa miaka 15 hadi 19 yamepungua kwa takriban asilimia 23. Nyuma ya asilimia hiyo kuna watoto waliofika nyumbani, ambao mama zao hawakujua hata kwamba kulikuwa na jambo la kushukuru. Mwaka 2011 umri wa kuanza ukapandishwa kutoka 15 hadi 16. Ontario, huko Kanada, waliweka mfumo wao mwaka 1994, na majimbo ya Marekani na Australia yakafuata, mengi na saa zake. Shoga yangu Mkenya anayeishi New Jersey aliniambia kwao mpaka ni saa tano usiku, na tangu mwaka 2010 kijana hulazimika kubandika kibandiko chekundu kwenye namba za gari ili polisi wamtambue kwa mbali.

Sababu yenyewe dereva yeyote mzee angekueleza akiwa kwenye kibao cha kahawa. Dereva mpya bado anaendesha kwa kufikiri: sasa breki, sasa kioo, sasa taa. Mkongwe mwili wake umekwisha jifunza, akili imebaki huru kuona ng'ombe anayeibuka kutoka gizani. Usiku unamnyang'anya dereva mpya nusu ya anachokiona, uchovu unamnyang'anya nusu nyingine, na wenzake wakiwa ndani wanacheka anachukuliwa kilichobaki. Mwanangu alikuwa ametoka shule, mpira, kazi. Alikuwa ameamka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ule usiku nilikuwa nimehesabu kilomita tu. Saa alizokuwa macho sikuzihesabu.

Lakini siwezi kuiandika habari hii kana kwamba sheria inamwangukia kila mtu kwa uzito mmoja. Jumapili moja tulikusanyika kwa familia ya Wakongo waliotoka Bukavu, ambao ni wengi kidogo mjini pale, na mazungumzo yakaangukia faini. Kumbe karibu kila nyumba ilikuwa na karatasi kama yangu. Mama mmoja, mjane, alikuwa anasafisha ofisi usiku. "Niko na mutoto mumoja tu mwenye anajua kuendesha," alisema, na hakukuwa na la kumjibu. Kijana wa nyumba nyingine alikuwa na desturi ya kuwarudisha wenzake wa timu makwao baada ya mazoezi, kwa sababu wazazi wao hawakuwa na gari. Alikutwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Leseni ikasimamishwa. Alikuwa ameajiriwa shambani kukamua ng'ombe, kazi inayoanza asubuhi na mapema, kilomita thelathini nje ya mji, ambako basi haliendi. Akapoteza kazi. Faini zilikuwa hazijalipwa, na sasa hakukuwa na mshahara wa kuzilipia.

Wanaofanya kazi na vijana wa Kimaori wamelisema jambo hili kwa miaka mingi: kwamba leseni ni mlango ambao vijana wengi wa vijijini na wa nyumba maskini huingilia mahakamani, bila kuiba wala kumpiga mtu. Mtoto mwenye baba mwenye magari mawili na saa za kazi za mchana anaitii saa nne bila kujua kuwa anaitii. Mtoto wa mama wa zamu anakutana nayo uso kwa uso kila wiki. Naamini sheria ile ni njema na ningeipigia kura leo. Naamini pia kwamba mji unaofuata sheria ya saa nne kwa vijana na kuyalaza mabasi yake mapema umewaachia watu wa zamu nusu ya kazi ambayo ilikuwa ya mji. Tulilisema hilo kwenye mkutano wa wakazi. Tulisikilizwa, tukaandikwa kwenye daftari. Ratiba ya basi haikubadilika wakati nipo pale.

Kilichoweza kubadilika kilikuwa nyumbani kwangu. Siku ya nne baada ya faini nilimkuta mwanangu anaosha vyombo, nikamwambia aache. Nikamwambia: uliniambia saa nne, nikakulazimisha, polisi alipokuuliza ukanificha, nami nikakubali kufichwa na mtoto wangu. Nisamehe, baba. Sijui kama mama yangu aliwahi kuniomba msamaha, wala sikumbuki kumsikia mama wa mtu yeyote akimwomba mwanawe. Ulimi ulikuwa mzito. Yeye alikausha sahani ileile muda mrefu.

"Yameisha, mama," akasema.

"Hayajaisha. Yana miaka miwili."

Akacheka kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema faini haikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kwamba kila usiku akipita kwenye zile taa za barabara kuu alikuwa anaomba Mungu asikutwe, na hakuweza kuniambia, kwa sababu alikwisha niambia mara moja na hakujua kama mtoto anaruhusiwa kusema mara ya pili.

Hilo nimelifikiria kuliko sheria yote. Tulipomlea tulimfundisha kuitika, kupokea kwa mikono miwili, kutomjibu mkubwa. Sijutii hata kimoja. Lakini hatukuwahi kumfundisha namna ya kumkatalia mkubwa kwa heshima, wala hatukumwonyesha kwamba tunaweza kukataliwa na bado tukabaki wazazi. Nikampeleka kwenye barabara ya watu wengine akiwa na adabu yote ya kwetu, na haikuwa na neno la kumsaidia mbele yangu. Sasa nikikutana na wazazi wenzangu wanaohamia ughaibuni na watoto wa rika lile, wananiuliza habari za shule na bima. Mimi naanzia hapo. Nawaambia: mwambieni mtoto, kwa maneno, mbele ya ndugu zake, kwamba siku mtakapomwagiza kitu kinachovunja masharti ya leseni yake ana ruhusa ya kusema hapana, na hamtamnunia. Na msiishie kusema. Jitengenezeeni njia nyingine ya kurudi nyumbani, kwa sababu ruhusa isiyo na njia nyingine nyuma yake mtoto anaiona ni maneno tu.

Njia yangu ilikuwa kuhamia zamu ya asubuhi. Nilipoteza posho ya jioni, na mwaka ule tulikula maharage sana. Mwanangu alikaa na kadi ya njano hadi muda ukatimia, akachukua ya kijani, na alama zake zikafutika kwa wakati wake bila kuongezeka hata moja.

Mdogo wake alipata ya njano mwaka 2022. Nilimwambia yale maneno siku hiyohiyo, kaka yake akiwepo, na yeye akaitikia kama watoto wanavyoitikia vitu vya wazazi, huku anaipiga picha kadi yake. Miezi ikapita. Usiku mmoja wa Agosti nilikuwa kitandani na homa ya mafua yaliyonishika hadi kwenye mifupa, dawa zimeisha, na kulikuwa na duka la dawa lililokesha wazi upande wa pili wa mji. Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi. Nilimwita. Nilimwambia awahi, achukue gari, ataenda na kurudi.

Alisimama mlangoni, ufunguo tayari mkononi, anatazama saa ya ukutani. Kwenda dakika kumi na mbili, foleni ya dukani, kurudi dakika kumi na mbili. Nilimwona anahesabu.

"Hapana, mama," akasema. "Nitampigia kaka alete akitoka kazini." Akautia ufunguo mfukoni mwa sweta yake, akaenda kuniwekea maji ya tangawizi jikoni.